Usipake Kabla Hujaangalia: Mwongozo wa Ngozi na Nywele kwa Watu wa Lamu

Mteja akifika kaunta ya duka la dawa hapa Langoni, mara nyingi huja na jina la tyubu. "Nipe ile ya buluu, jirani yangu ilimtoa." Ilimtoa nini? Hajui. Aliipaka wapi, kwa muda gani? Hajui pia. Nikimkatalia ataipata duka la pili, na baada ya wiki tatu atarudi na baka lililokuwa la ukubwa wa sarafu likiwa limeenea shavu zima.

Kwa hivyo nitaanza na kuangalia, dawa zije baadaye. Mimi si daktari wa ngozi. Niliyoyaandika hapa ni yale ninayoulizwa kila mara na watu wa mjini, wa Shela, wa Matondoni na wanaovuka kutoka Pate, pamoja na hatua ambazo mtu anaweza kuzifuata nyumbani bila kujidhuru.

Kwanza, mtoe mgonjwa penye mwanga

Nyumba zetu za mawe zina giza la raha, lakini humo hutaisoma ngozi. Mtoe uani au barazani, mchana, akiwa ameoga na hajapaka mafuta. Maelezo mengi ya magonjwa ya ngozi yameandikwa kwa watu weupe, ndiyo maana kila mahali unasoma "ngozi huwa nyekundu". Kwa mtu mweusi au wa maji ya kunde wekundu huo hauonekani hivyo. Utaona zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na pengine usione kitu ila ukigusa pana joto na pameinuka. Basi gusa, kisha osha mikono.

Halafu uliza maswali matatu.

La kwanza, wapi hasa? Muwasho wa usiku kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri karibu kila mara ni upele. Mabaka yasiyowasha sana kifuani, mgongoni na shingoni mara nyingi ni fangasi ya jasho. Ngozi iliyokauka na kuwasha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, hasa kwa mtoto mwenye kifua cha pumu au anayepiga chafya kila asubuhi, ni pumu ya ngozi. Nywele zilizokatika pembeni mwa paji la uso zimevutwa na msuko. Duara lisilo na nywele kichwani mwa mtoto, lenye magamba, lichukulie kuwa mapunye mpaka uambiwe vingine.

La pili, tangu lini, na kabla yake kulikuwa na nini? Sabuni mpya, dawa mpya ya kumeza, harusi, uzazi, homa. Nywele hasa hukawia kulalamika: zinazoanguka leo zinatokana na jambo la miezi 2 au 3 iliyopita.

La tatu, nani mwingine nyumbani anajikuna? Wakiwa wawili au zaidi, ukimtibu mmoja umetupa pesa baharini.

Mapunye: kofia, chanuo na paka

"Nimempaka krimu mwezi mzima, mbona hayaishi?" Hili ndilo swali la akina mama wenye watoto wa madrasa. Hayaishi kwa sababu fangasi ya mapunye imeingia ndani ya unywele wenyewe hadi kwenye shina lake, na krimu haifiki huko. Mapunye ya mwilini, yale ya mduara mkononi au shingoni, yanapona kwa krimu ya klotrimazoli ikipakwa mara 2 kwa siku na kuendelezwa wiki moja au mbili hata baada ya ngozi kuonekana safi. Ya kichwani yanataka dawa ya kumeza. Hakuna njia ya mkato.

Mfuate hivi:

1. Mpeleke zahanati, apimwe uzito na kuandikiwa. Dawa inayotumika sana ni griseofulvini, na kipimo chake hutegemea kilo za mtoto. Huchukua wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Ipo pia terbinafini, ambayo kwa baadhi ya aina za fangasi humaliza kazi kwa wiki 4 hivi.

2. Griseofulvini mpe pamoja na chakula chenye mafuta: wali wa nazi, samaki wa kupaka, au gilasi ya maziwa. Akiimeza kwa chai ya rangi na tumbo tupu, sehemu kubwa yake itapita bila kuingia mwilini, kisha utasema dawa haifanyi kazi.

3. Mwoshe kichwa kwa shampuu ya ketokonazoli au ya selenium salfaidi mara 2 kwa wiki, povu likae dakika 5 kabla ya kusuuza. Shampuu peke yake haiponyi. Kazi yake ni kupunguza mbegu za fangasi ili asiwaambukize wenzake. Ndugu zake wanaolala naye kitanda kimoja waoshwe nayo pia, hata kama vichwa vyao vinaonekana salama.

4. Kila mtoto awe na kofia yake na chanuo lake. Najua kofia iliyoshonwa kwa mkono kwa miezi kadhaa haichemshwi. Ioshe kwa sabuni, ianike kwenye jua kali, na muhimu kuliko yote isipite kichwa hadi kichwa pale mlangoni mwa chuo cha Kurani. Foronya za mito zioshwe kila wiki.

5. Mwangalie paka. Mji huu una paka kuliko baraza za kukalia, na watoto hupenda vile vidogo. Kitoto cha paka chenye viraka visivyo na manyoya masikioni au miguuni kinaweza kuwa ndicho kilicholeta fangasi nyumbani, maana ipo aina inayotoka kwa paka moja kwa moja. Huna haja ya kumfukuza wala kumtupa baharini. Watoto wasimbebe mpaka atibiwe, na anayemgusa aoshe mikono.

Akishaanza dawa, mtoto anaweza kuendelea na shule na chuo. Usimkalishe nyumbani miezi miwili kwa aibu.

Kuna hali moja ya kuogopa: kichwa kikivimba sehemu moja, kikawa kinabonyea na kutoa usaha, nywele zikachomoka zenyewe. Watu huliona jipu na kutaka lipasuliwe. Usikubali. Hayo ni mapunye yaliyokasirika, yanataka dawa ile ile ya kumeza chini ya daktari, na yakicheleweshwa huacha kovu lisiloota nywele tena. Na tafadhali, mafuta ya taa hayana kazi kichwani mwa mtoto.

Mabaka ya kifua na mgongo

Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, na jasho halikauki, mabaka haya hutokea kwa vijana kwa wingi. Huwa mepesi kuliko ngozi au meusi kuliko ngozi, na ukiyakwaruza kwa ukucha hutoa unga mwembamba. Chanzo chake ni fangasi ya jamii ya hamira ambayo kila mtu anayo mwilini, inayokula mafuta ya ngozi na kuzaana kwenye joto na unyevu. Haiambukizi, na haina uhusiano wowote na uchafu.

Chukua shampuu zile zile nilizozitaja kwenye mapunye. Jioni kabla ya kuoga, jipake kuanzia shingoni hadi kiunoni na mikononi, kaa dakika 10, kisha oga. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja. Baada ya hapo unga utaisha, lakini rangi haitarudi mara moja. Itachukua miezi, na hapa ndipo watu wanapokosea: wanadhani dawa imeshindwa, wanarudia, wanahamia kitu kikali zaidi. Jaribu kukwaruza tena. Ikiwa hakuna unga, umeshapona, unangojea rangi tu. Anayerudiwa kila mwaka apake mara moja kwa mwezi msimu wa joto.

Usikubali kuuziwa vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya mabaka haya. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walipendekeza vidonge hivyo visimamishwe kwa sababu ya madhara kwenye ini. Shampuu na krimu yake hazina tatizo hilo.

Si kila baka ni fangasi. Chukua kipande cha pamba, mwambie mgonjwa afumbe macho, mguse polepole ndani ya baka na nje yake, akuonyeshe kwa kidole ulipomgusa. Akishindwa kuhisi pamba ndani ya baka, aende hospitali wiki hiyo hiyo, kwani ganzi kwenye baka ni dalili ya ukoma. Ukoma unatibika kabisa kwa miezi 6 au 12 ya vidonge, na tangu 1995 Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa dawa zake bure. Kinachoharibu vidole na macho ni kuchelewa.

Na likiwa baka jeupe pee, lisilo na unga, lenye mpaka uliochongoka, mdomoni, kwenye vidole au kuzunguka macho, hiyo ni barasi. Kinga ya mwili imeshambulia chembe zinazotengeneza rangi. Wapo wazee watakaokwambia ni kwa kula samaki na maziwa pamoja. Lingekuwa kweli, Lamu nzima tungekuwa na madoa. Barasi haiambukizi kwa kugusana wala kwa kula sahani moja, na tiba huwa na faida zaidi ikianza mapema.

Upele: nyumba nzima, siku moja

Upele huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayechimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai. Mtu anayeambukizwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki 4 hadi 6. Maana yake ni kwamba mwanao akirudi kutoka bweni hana hata kipele, tayari anaweza kuwa anawapa wenzake. Ndiyo sababu kumtibu anayejikuna peke yake hakusaidii.

Chagua siku ambayo wote mtakuwa nyumbani. Ijumaa jioni inafaa. Dawa ni krimu ya permethrini ya asilimia 5, au ile losheni ya bei nafuu inayojulikana madukani kama BBE. Wote waoge, wakauke, kisha wapake kuanzia shingoni kushuka: kati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, makalioni, sehemu za siri, nyayo. Kwa watoto wachanga hupakwa hata kichwani, ukikwepa macho na mdomo, lakini kwao usijipimie mwenyewe. Permethrini hukaa saa 8 hadi 14, basi ipake usiku, uioshe asubuhi. BBE hukaa saa 24, nayo inachoma, kwa mtoto huzimuliwa kwa maji. Mwulize mwuza dawa kiasi. Mjamzito aseme kuwa ni mjamzito kabla ya kupewa chochote. Ukinawa mikono kwa ajili ya kupika au kutawadha, rudia kupaka mikononi. Hilo husahauliwa sana.

Asubuhi yake, shuka, kanga, shuka za kujifunika na nguo za siku tatu zilizopita zifuliwe na kuanikwa juani. Maji ya kisima ni ya chumvi na ya bomba hayaji kila siku, najua. Kisichofulika kitie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge kabisa, ukiache siku 3. Mdudu huyo hawezi kuishi muda mrefu bila mwili wa mtu. Rudieni dawa wote baada ya wiki moja.

Muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa wote. Usipake BBE kila siku kwa hasira. Ngozi itaungua na utadhani upele umezidi.

Hina salama, piko si hina

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila msimu wa harusi nawaona wasichana wakija wamefunika mikono kwa mtandio.

Hina halisi ni majani yaliyosagwa. Unga wake ni wa kijani, hukandwa kwa ndimu, sukari kidogo na mafuta ya harufu, hukaa mkononi saa kadhaa, na ukiibandua rangi ni ya machungwa. Hukolea yenyewe kwa siku moja au mbili hadi ikawa kahawia. Haiwi nyeusi ti. Piko ni kitu kingine. Ni rangi ya nywele, na weusi wake unatoka kwa kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD. Kwenye nywele inaruhusiwa kwa kipimo: Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2, na kuipaka kwenye ngozi ni marufuku huko. Mkononi mwa bibi harusi hakuna anayepima.

Kinachotokea ni hiki. Mara ya kwanza huenda usipate kitu, lakini mwili umeshaijua ile kemikali. Mara ya pili au ya tano, siku moja hadi tatu baada ya kuchorwa, mkono unaanza kuwasha, kisha unainuka malengelenge yanayofuata ua lile lile, jani kwa jani, mpaka unaweza kulisoma pambo kwa kidole ukiwa umefumba macho. Yakikauka huacha alama nyeusi au nyeupe kwa miezi, pengine kovu. Na mzio huo ukishaingia hautoki maishani. Aliyewahi kuvimba kwa piko asipake rangi nyeusi ya nywele tena, maana uso mzima unaweza kuvimba hadi macho yafunge. Wanaume wanaopaka ndevu mvi wamo humu humu.

Ukitaka kuchorwa:

Mwulize mpakaji wa hina, kwa adabu lakini waziwazi: "Bi, hii ni hina tupu au ina piko?" Tazama rangi ya unga. Uliza inakaa muda gani. Ikiwa anakwambia itakuwa nyeusi ndani ya saa moja, umeshapata jibu. Nusa pia, kwani wapo wanaotia petroli au mafuta ya taa ili ikolee haraka, nayo hayo huchoma ngozi. Akishikilia kuwa bibi harusi lazima awe na nyeusi, mwombe akupake hina tupu usiku wa mapema zaidi kabla ya harusi na ulale nayo. Itakolea vya kutosha picha kutoka nzuri.

Umeshavimba? Osha kwa maji na sabuni laini, usipasue malengelenge, usitie unga wala dawa ya meno. Weka kitambaa cha maji baridi. Nenda kliniki ukapewe krimu inayofaa na kidonge cha mzio. Ukianza kuvimba midomo au kupumua kwa shida, usingoje asubuhi.

Jambo moja la hina yenyewe, ambalo bibi zetu hawakuwa na namna ya kulijua. Sehemu zenye malaria ya miaka mingi kama pwani yetu kuna watu wengi wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, wavulana hasa. Kwa mtoto mchanga mwenye upungufu huo, hina iliyopakwa mwilini inaweza kuvunja chembe za damu, akapauka, akawa na manjano, akakojoa mkojo wa rangi ya kola. Mwache mtoto mchanga bila hina.

Nywele zinazoondoka

Kwanza tuelewane: nywele 50 hadi 100 kwa siku kuanguka ni kawaida. Anayefungua msuko wa mwezi mzima na kuona fungu mkononi anaona za siku zote 30 kwa pamoja.

Mama aliyejifungua huja analia mtoto akifika miezi mitatu hivi: nywele zinatoka kwa viganja, na jirani keshamwambia ni jicho. Mtu asome sura za Falaq na Nas, hakuna atakayemzuia, lakini pia ahesabu miezi. Wakati wa mimba nywele nyingi huacha kuanguka, halafu baada ya uzazi huanguka kwa mkupuo. Hujirudia zenyewe ndani ya miezi 6 hadi 12. Homa kali na malaria hufanya vivyo hivyo. Ikiwa unachoka, unapauka ndani ya kope za macho au una hamu ya kutafuna udongo, omba upimwe damu, kwani upungufu wa madini ya chuma nao hupukutisha nywele.

Kuvutwa ni jambo jingine. Msuko unaokutoa machozi, rasta nzito, nywele za bandia zilizoshonwa, kibwebwe cha ushungi kilichokazwa pale pale kila siku, vyote hung'oa nywele za mbele na za masikioni. Dalili ya mwanzo ni vipele vidogo kwenye mistari ya msuko. Ukiacha wakati huo, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, ngozi hulainika, vitundu hufunga, na hakuna mafuta ya nazi, ya habasoda wala ya kitunguu yatakayovifungua. Mwambie msusi alegeze, na akikwambia "vumilia, kesho italegea", inuka. Pumzisha kichwa wiki kadhaa baina ya misuko, na usitie dawa ya kulainisha na kusuka ndani ya wiki ile ile.

Upara ukianzia utosini na kupanuka, wenye kuchoma au kuwasha, usiutibu nyumbani hata siku moja. Hiyo ni aina inayoacha makovu, na daktari anaweza kuisimamisha tu, hawezi kurudisha zilizokwenda. Mduara laini kabisa usio na magamba wala muwasho, uliotokea ghafla, ni kinga ya mwili tena, na wengi hupona.

Kuhusu ushungi: nywele zikauke kabla ya kufungwa. Kichwa kibichi kilichofunikwa tangu alfajiri huzidisha mba na vipele. Mba ya kichwani huoshwa kwa shampuu ya ketokonazoli mara 2 kwa wiki kwa wiki 4. Kuimiminia mafuta huficha magamba, haiondoi.

Ya haraka haraka

Harara za watoto ni vitundu vya jasho vilivyoziba. Mvue, mwogeshe maji ya baridi, mvalishe pamba nyepesi, losheni ya kalamaini ikibidi. Mafuta ya mgando mazito na poda huzidisha kuziba, na poda mtoto huivuta kifuani.

Vipele vya kidevuni na shingoni kwa wanaume ni ndevu zilizokatwa chini sana zikajikunja kurudi ndani ya ngozi. Dawa bora ni kuacha ndevu, na hapa Lamu nani atakulaumu? Anayelazimika kunyoa atumie mashine inayoacha unywele mfupi, asitumie wembe. Vile vya kisogoni vinaletwa na kinyozi anayechonga mstari chini kabisa. Mkataze, kwani vinaweza kukua vikawa makovu magumu.

Mstari unaowasha, unaotambaa chini ya ngozi ya unyayo kidogo kidogo kila siku, ni kiluwiluwi cha minyoo ya paka au mbwa kilichoingia kutoka mchangani. Hatolewi kwa sindano kama funza. Hutibiwa kwa ivermektini au albendazoli.

Ndimu usipake usoni kisha ukatoka juani. Maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha doa jeusi la miezi. Majani ya mwarobaini kuogea hayana neno, ila mafuta yake mtoto asinyweshwe, yana sumu kwake. Liwa ni sawa ikiwa umesaga mwenyewe.

Doa lililobaki, na mkorogo

Kila nilichokitaja hapo juu kikipona huacha alama nyeusi kwenye ngozi yetu. Alama hiyo si ugonjwa. Hufifia kwa miezi, pengine mwaka, ukiiepusha na jua na kucha. Lakini ni hapo hapo mtu anapotafuta "kitu cha kusafisha", akauziwa mkorogo.

Ndani yake huwa na nini? Zebaki, inayoharibu figo na kumfikia mtoto tumboni. Hidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu hugeuza ngozi ya mashavu kuwa ya buluu na nyeusi isiyotoka. Zote mbili zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Kenya, na bado zinaingia. Ya tatu ni steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, kama klobetasoli na betamethasoni. Hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa sababu ni dawa halali, huuzwa dukani, na siku tatu za kwanza hufanya ajabu: muwasho kwisha, uso kung'aa. Baadaye ngozi hukonda, mishipa huonekana, chunusi huzuka, na ukipaka juu ya fangasi, fangasi huenea kimyakimya huku haionekani tena kama mduara. Ile "tyubu ya buluu" mara nyingi ni mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwa pamoja. Soma karatasi iliyomo. Ukiona jina linaloishia na "-sone" au "-sol", uliza kabla ya kulipa.

Aliyetumia kwa miezi asiache ghafla peke yake, kwani uso huwaka moto. Aende kliniki apunguziwe kwa utaratibu.

Wenye ualbino wasiguse chochote katika hivyo. Kwao krimu ya kukinga jua, mikono mirefu na kofia pana ni lazima tangu utotoni, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husambaza losheni ya jua kupitia hospitali za serikali. Kidonda kisichopona kwa mwezi kichunguzwe.

Lini usingoje

Ngozi inayobanduka au vidonda vya mdomo na macho siku chache baada ya kuanza dawa mpya, hasa za salfa: acha dawa, nenda hospitali saa hiyo. Malengelenge yenye maumivu upande mmoja wa mwili ni mkanda wa jeshi, na dawa yake hufaa zaidi ndani ya saa 72. Kijana akiupata ashauriwe kupima virusi vya Ukimwi. Vipele vyenye homa na tezi zilizovimba vionwe pia, kwani mpox (ndui ya nyani) ilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza Julai 2024.

Kwa mjini ni hospitali ya King Fahd. Walio kisiwa cha Pate wana Faza, wa bara wana Mpeketoni. Daktari bingwa wa ngozi huenda akakulazimu kuvuka Mokowe na kupanda basi hadi Mombasa, basi safari isiende bure. Piga picha kwa simu, mchana, kabla hujapaka chochote, moja ya karibu na moja ya mbali. Usipake mafuta wala hina siku ya kwenda. Na tyubu zote ulizotumia, hata zilizokamuliwa zikaisha, hata ile ya jirani, zitie mfukoni uzimwage mezani kwake.